Mwaka Ambao Filamu za Kerala Zilikosa Stelingi

Watu wa Kiwalani hawajui kuangalia filamu. Ninayesema hivi nimekaa mlangoni mwa banda la video zaidi ya nusu ya maisha yangu, nimeiona migongo yao kuliko wao walivyouona uso wangu, na ninajua kila mmoja anacheka wapi. Wanacheka pale wanapoambiwa wacheke. Wanasikitika pale wanapoambiwa wasikitike. Ukiwazimia sauti wanageuka kukutafuta wewe, kana kwamba filamu iko kwako mlangoni na siyo kwenye kioo kilicho mbele yao.

Banda ni la baba. Alilijenga mwenyewe uani, mabati pande tatu na upande wa nne ukuta wa nyumba yetu, akaweka mabenchi ya mbao na televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa. Mabanda ya namna hii watu wanayaita vibanda umiza, na sijawahi kuona kitu kilichopewa jina kwa haki kama hicho. Joto la bati, benchi lisilo na egemeo, jasho la jirani, na kila baada ya muda ndege inayoshuka uwanjani inapita juu ya paa hadi hamsikii chochote. Lango la kutokea mtaani nalo ni la baba. Ni la bati zito, lilikaa upande tangu siku alipolifunga, na ili lifunguke inabidi ulinyanyue kidogo kabla ya kulivuta. Sie wenyeji mikono inajua. Wageni husukuma mpaka tuwaonee huruma.

Mama alitangulia, baba akafuata kabla mwaka haujaisha. Mie nilikuwa kidato cha pili, mdogo wangu wa kiume yuko darasa la tatu, na kitinda mimba wetu, wa kike, bado anabebwa mgongoni. Baada ya matanga ndugu walikaa kikao. Waligawana mashati ya baba, wakagawana vitenge vya mama, halafu mmoja mmoja wakakumbuka kwamba wana safari. Sisi watatu hatukugawanywa kwa sababu hakuna aliyetuomba. Jumatatu iliyofuata sikuvaa sare. Nilifungua banda. Sielezi haya ili nipewe pole. Pole nilipewa nyingi wakati ule, na haikupikika.

Filamu za Kihindi ndizo zilizotulisha, na sheria zake uani kwetu zilikuwepo kabla yangu. Kuna stelingi na kuna adui. Stelingi ndiye mwenye filamu: anapigwa mwanzoni, anapiga mwishoni, risasi zinamkwepa, na akithubutu kufa mteja anadai kiingilio chake. Adui ni yule mwingine. Mteja akichelewa haulizi filamu inahusu nini. Anauliza, "Stelingi nani?" Akishaonyeshwa kwa kidole anakaa, ametulia, kama mgeni aliyeonyeshwa kibla.

Na filamu haionyeshwi hivi hivi. Lazima itafsiriwe, na kutafsiri kwa huku kwetu ni mtu mmoja kukaa na kipaza sauti na kuwasemea wote, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, na ng'ombe pia ikibidi. Mtafsiri wetu anaishi mtaa wa pili, chumba kimoja, godoro limesimamishwa ukutani ili sauti isirudi anaporekodi. Akipita watu wanamwita profesa, naye anaitika. Anajigamba kwamba Kihindi amekimaliza. Kihindi chenyewe ni maneno machache ya mapenzi, neno la urafiki na matusi mawili. Filamu anaiangalia mara moja, huku anakula, sauti ameizima ili isimchanganye. Kisha anawagawia wahusika makabila. Mwenye duka anakuwa Mchaga, mlinzi anakuwa Mmasai, mama mkwe anakuwa Mzaramo, na hapo kwa maoni yake kazi imekwisha.

Sasa huo mwaka ninaotaka kuusema. Si wa zamani, ni wa juzijuzi tu. Nilikuwa nimekwenda Kariakoo kwa jamaa anayenijazia filamu kwenye flashi, naye akaniambia, "Dada, leo nakupa za Kerala. Ni India hiyohiyo, lakini kule chini kabisa, inakoishia. Mwaka huu ni wao. Kila wiki inatoka nyingine, na hakuna mbovu."

"Zina ngumi?"

"Zipo. Ila wanazozana kwanza."

"Nyimbo?"

"Mvua, dada. Zina mvua sana."

Nilizichukua kwa kuwa nilikuwa sina kingine cha kuchukua. Nyumbani nikaona hata maandishi yake hayafanani na yale niliyoyazoea. Yalikuwa ya mviringo, yamejikunja, kama vitumbua vilivyobanana kwenye kikaango. Wiki ile nilikwenda zahanati ya masista kwa ajili ya kikohozi, na sista aliyenipima anatoka India. Nikamwonyesha picha ya filamu kwenye simu. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyokitazama kifua changu.

"Hii ni lugha yangu," akasema. "Kimalayalam. Watu wa Kerala tunasema hii. Si Kihindi."

"Kwani Kihindi hukijui?"

"Najua kama wewe unavyojua Kiganda."

Akaniambia kwamba mtoto wa dada yake huko nyumbani anamwandikia kila mara habari za filamu za mwaka ule, kwamba watu wanajaza kumbi hata siku za kazi, na kwamba hata wale wa miji mikubwa waliokuwa wakizidharau filamu zao sasa wanazitafuta. Nikamwuliza yeye kaipenda ipi. "Sijaona hata moja," akasema. "Mama Mkuu angesemaje?" Akaniandikia dawa.

Mtafsiri wetu nilimpelekea habari hiyo nikidhani itamsaidia. "Profesa, hiki si Kihindi," nikamwambia. "Kinaitwa Kimalayalam."

Alisikiliza kidogo, kichwa ameinamisha kama fundi saa. "Ni Kihindi, dada mkubwa. Ila cha vijijini. Cha ndani ndani."

"Sista ni mtu wa hukohuko."

"Sista ni mtu wa sala. Mie niko kwenye fani."

Basi akaendelea na fani. Mwaka mzima akatafsiri lugha asiyoijua kwa kudhani ni lugha nyingine asiyoijua, na Kiwalani nzima haikugundua.

Mimi filamu zile zilinikamata, na nasema hivyo kwa shingo upande kwa sababu sipendi kukamatwa. Kitinda mimba wetu alikuwa amemaliza kidato cha nne, Kiingereza anakisoma bila kuhangaika, na asubuhi, wakati nafuta mabenchi, alikuwa akinisomea maandishi ya chini. Moja ilikuwa ya polisi wa kijijini anayemtafuta mtu aliyeandika matusi kwenye ukuta wa kanisa. Anamtafuta filamu nzima. Hampati, na wewe hujali, kwa sababu umeshawajua watu wote wa kijiji kile na ungependa asikamatwe hata mmoja. Nyingine ilikuwa ya wauguzi waliorudi kutoka Uarabuni wakakuta waume zao wamezoea kupika na hawataki kurudishiwa uvivu wao. Watu wana matumbo, wana mvi, wanavaa misuli iliyofuliwa mpaka ikapauka. Nyumba zao zinavuja. Wanagombana kama watu wanaojuana.

Wateja wangu waliteseka.

"Huyu stelingi mbona anaosha vyombo?"

"Anavizia."

"Anavizia nini, masufuria?"

"We subiri. Adui ataingilia dirishani."

Hakuna aliyeingia. Yule mwanamume aliosha vyombo, akavipanga, akakaa. Na mtafsiri, kwa kuogopa ule ukimya, akaujaza. Kila palipokuwa na mtu amenyamaza yeye akasema. Mzee akitazama mvua, profesa alisema mzee anapanga kulipiza kisasi. Mwanamke akichambua mchele, profesa alisema ndani ya mchele kuna dhahabu. Nikaona watu wazima wamekaza macho kwenye ungo mpaka mwisho wakingoja dhahabu.

Katikati ya mwaka huohuo baba mdogo akaanza kuja. Ni mdogo wake baba, anaishi Tegeta kwenye nyumba mpya yenye vigae vyekundu, na tangu matanga alikuwa amekuja kwetu mara chache kiasi kwamba kitinda mimba alikuwa akimwamkia kama mgeni wa mtaani. Ghafla akawa anaonekana kila Jumapili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Foleni ya leo, acha tu. Nyie huku mnakaaje?"

"Tunakaa hivi hivi, baba."

"Hivi hivi mpaka lini?"

Akaeleza. Kuna mtu anatafuta kiwanja karibu na uwanja wa ndege ajenge ghala. Nyumba iuzwe, kila mtu ashike chake. Yeye ndiye ambaye ukoo ulimpa usimamizi wa mali ya marehemu, na sasa aliona muda umefika wa kutusaidia. Alishatupangia na pa kwenda. Kitinda mimba angekwenda kukaa kwake Tegeta, asaidiesaidie pale nyumbani, maana mkewe mgongo unamsumbua. Mdogo wangu wa kiume angepanga chumba Manzese na kununua bajaji. Mimi, akasema akiniangalia kuanzia kandambili kwenda juu, mimi bado ningeweza kuolewa.

Tangu siku niliyovua sare nilikuwa nimeshika jambo moja tu: sie watatu tusitawanyike. Sikushika lingine. Sikusoma, sikuolewa, sikwenda popote. Kwa hiyo nikamwambia hapana, na kitinda mimba akasema hapana. Baba mdogo akatabasamu. Kwa ukoo wetu hapana za wanawake wawili ni kama kikohozi, zinasikika na kikao kinaendelea. Watakachouliza wazee ni mtoto wa kiume anasemaje. Naye mtoto wa kiume alikuwa ameshaanza kuchagua rangi ya bajaji.

"Dada, si kwamba nakupinga," akaniambia tukiwa tunabeba mabenchi. "Ila nyumba hii imechoka."

"Na wewe umechoka?"

"Mie nataka kuanza maisha."

"Na haya uliyokuwa unaishi yalikuwa nini?"

"Usinigombeze. Baba mdogo anatutakia mema."

"Alikuwa wapi na hayo mema wakati una surua?"

Akanyanyua benchi, akatangulia nalo. Baba mdogo alikuwa akimchukua Jumapili, anamnunulia chipsi kuku, anamwita mwanaume mwenzangu. Kijana aliyelelewa na dada mtu ukimwita mwanaume mwenzangu anakupa hata figo.

Kikao cha ukoo kilipangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wiki chache kabla, jamaa wa Kariakoo akanipa filamu nyingine ya Kerala. Tuliiangalia asubuhi, mimi na kitinda mimba, na katikati yake yeye akaacha kunisomea kwa kuwa hakukuwa na haja. Kuna nyumba ya zamani yenye kisima na mifenesi. Wazazi wamekufa. Dada mkubwa anaishi humo na wadogo zake, kila asubuhi anafagia uani majani yaliyoangushwa na mvua ya usiku. Baba yao mdogo anarudi kutoka Uarabuni na gari na miwani ya jua. Anakuja na zawadi, anakuja na maneno matamu, anapima vyumba kwa hatua zake. Anawapata wadogo mmoja mmoja. Mwisho nyumba inakuwa yake, dada anafunga mzigo, na jioni ile yule mwanamume anaingia peke yake katika nyumba aliyozaliwa na hapati swichi ya taa. Anapapasa ukuta mzima. Dada, ambaye ameshafika nje, anaingiza mkono kupitia dirishani, anawasha taa, anaondoka.

Nikasema moyoni, huyu wa Tegeta lazima aione hii. Na mdogo wangu aione akiwa amekaa karibu naye. Lakini bandani kwetu filamu isiyotafsiriwa haina mteja, kwa hiyo nikaipeleka kwa profesa kama kawaida. Niliwaza kwamba hii hata mjinga hawezi kuiharibu.

Jumapili ya kabla ya kikao banda lilijaa. Baba mdogo nilimwekea mto benchi la mbele, mdogo wangu kando yake, profesa mwenyewe amesimama nyuma kuisikiliza sauti yake. Filamu ikaanza. Likatokea gari, akashuka yule mwanamume na miwani yake ya jua, na sauti ya profesa ikanguruma: "Huyu hapa ndiye stelingi wetu, Mkurya aliyerudi kutoka Uarabuni kuukomboa urithi wa ukoo, uliokaliwa na mchawi."

Sikuelewa mara moja. Kisha akatokea yule dada na fagio lake.

"Muoneni," ikasema sauti. "Asubuhi yote anafagia nyayo za watu. Akishazikusanya anakwenda kuziroga."

Banda zima likaguna. Kuanzia hapo mwanamke yule hakuweza kufanya jambo likawa jema. Akiwapakulia wadogo zake chakula, wanalishwa limbwata. Akiwa kimya, anasema na majini. Yule baba mdogo wa kwenye filamu alipopima chumba kwa hatua, watoto wamelala sakafuni naye anawaruka, profesa akasema stelingi anatafuta hirizi zilizofukiwa. Watu wakawa wanamsaidia kwa sauti: "Kushoto, braza, angalia kushoto." Alipopapasa ukuta gizani walishika vichwa kwa hofu, na taa ilipowaka profesa akatangaza kwamba nuru imeshinda giza, mchawi katoroka. Wakapiga makofi. Baba mdogo alipiga makofi. Mdogo wangu alipiga makofi, tena kwa mikono juu.

Watu walipokuwa wanatoka baba mdogo alinishika bega. "Filamu nzuri sana, mwanangu. Ina mafunzo." Mdogo wangu akapita nyuma yake, anacheka. "Dada, yule mchawi na fagio lake, mnafanana mpaka kisogo."

Profesa nilimngoja mpaka mteja wa mwisho atoke.

"Kwa nini yule ndiye stelingi?"

"Ana gari."

"Anawaibia watoto nyumba."

"Ana gari na miwani, dada mkubwa. Mtu wa gari na miwani akiwa adui, stelingi anabaki nani pale? Yule mama wa fagio?"

"Ndiyo."

Alinitazama kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto. "Filamu haiwezi kuwa na stelingi anayefagia. Watu watadai kiingilio."

Hakuwa na ubaya moyoni, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Mtu mbaya ungejua pa kumshika. Huyu alikuwa na sheria yake moja, akiipaka juu ya kila kitu kama chokaa, na watu walikuwa radhi kutazama chokaa.

Sikumwambia mdogo wangu kitu. Ningemwambia, angesikia dada analalamika, na mie kulalamika sikuwahi kumzoesha. Siku chache baadaye, asubuhi banda likiwa limefungwa, nilimwita aje kukaza waya wa spika uliokuwa unakatika. Kweli ulikuwa unakatika. Nikamwambia lazima kitu kiwe kinacheza ili ajue umekaa, nikaweka filamu ileile, kavu, kama ilivyotoka kwao. Kitinda mimba alikuwa anafuta kioo. Akafungua mdomo kusoma maandishi. Nikamkata jicho, akanyamaza.

Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa na bisibisi mkononi. Mwanzoni alitazama waya. Kisha akatazama kioo.

"Profesa yuko wapi?"

"Hayupo. Hii ndiyo sauti yao."

"Anasema nini huyu?"

"Sijui. Angalia."

Akaangalia kwa sababu hakuwa na la kufanya. Waya ulikuwa umeshakaa muda mrefu, sauti safi, naye bado amechuchumaa. Dada wa kwenye filamu akawapakulia wadogo zake. Akakwangua chungu, akala ukoko amesimama, amewapa mgongo ili wasione. Ndege ikapita, ikafunika kila sauti, na hata hivyo ilieleweka. Ikafika pale pa kupima chumba. Yule mwanamume akaweka mguu, akaweka mguu, akafika kwa watoto waliolala, akawaruka bila kuangalia chini, akaendelea na hesabu yake.

"Mbona anawaruka?" mdogo wangu akauliza.

Kitinda mimba akasogeza kitambaa chake, asimzibie kioo.

"Wamelazwa pale na yeye anawaruka kama magunia."

Akakaa chini kabisa, matako kwenye vumbi. Alibaki hivyo mpaka mwisho, mpaka ule ukuta na ile mikono inayopapasa. Filamu ilipokwisha alitazama bisibisi kama mtu anayekumbuka ilifikaje mkononi.

"Swichi alikuwa haijui."

"Haijui."

"Kwao kabisa."

Akainuka, akakung'uta suruali, akatoka. Nikasikia lango linanyanyuliwa na kuvutwa. Sikujua ameamua nini, na mpaka Jumamosi ya kikao hakusema, nami sikuuliza.

Kikao kilikaa sebuleni kwetu. Walikuja wazee wawili wa ukoo, shangazi yetu kutoka Dodoma, na baba mdogo, ambaye siku hiyo alivaa miwani ya jua. Sijui ni filamu au ni mwanga wa Tegeta. Aliivua alipoingia ndani, akaipachika kwenye mfuko wa shati ionekane. Mie na kitinda mimba tulileta chai na mihogo, tukakaa kwenye mkeka karibu na mlango, mahali petu.

Baba mdogo alizungumza vizuri. Anajua kuzungumza. Alisema habari za marehemu kaka yake, akatulia kidogo kwa heshima, akasema habari za maendeleo, akasema mji unapanuka na anayeng'ang'ania mabati atabaki nayo. Kisha akageuka kwa mdogo wangu na kumpiga kofi gotini.

"Hata juzi mimi na mwanaume mwenzangu hapa tumeangalia filamu moja ya Kihindi, wazee wangu. Jambo lilelile. Stelingi anarudi, anakuta urithi umekaliwa, umelala. Anauchukua, anaufanyia kazi. Si ndiyo?"

Mdogo wangu alikuwa anatazama kikombe. "Yule si stelingi, baba mdogo."

"Nani?"

"Yule mwenye miwani. Yule ni adui."

Shangazi aliacha kutafuna. Baba mdogo akacheka kidogo, kwa pua. "Tumeangalia wote, mwanangu. Profesa kasema mwenyewe."

"Profesa hajui Kihindi. Na kile wala si Kihindi. Nimeiangalia bila yeye. Kuna watoto wamelala chini, adui anawaruka."

Mzee mmoja wa ukoo, ambaye kwa uzee wake hakuwa ameelewa filamu imeingiaje kwenye mirathi, akasafisha koo. "Sasa tuelezeni sisi. Mnauza au hamuuzi?"

"Sie hatuuzi," akasema mdogo wangu. Akanitazama, haraka tu, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. "Sie watatu hatuuzi."

"Mtoto wa kiume amesema," akasema mzee yule, akachukua muhogo. Na hivyo ndivyo ukoo wangu ulivyoamua. Maneno yaleyale niliyoyasema mie tangu Jumapili ya kwanza, kwa sauti iliyo wazi, yalihitaji ndevu ili yafike masikioni mwao. Nilimimina chai. Sikumshukuru yeyote.

Mwaka ule umepita. Jamaa wa Kariakoo sasa ananisifia filamu za pengine, na profesa anazitafsiri hizo pia, kwa uhakika uleule, na bado anaitwa profesa. Ile ya swichi ninayo. Mara mojamoja asubuhi naiweka kavu, wanakuja watu wachache, mafundi wasio na kazi siku hiyo, na baada ya muda mfupi mmoja atageuka kuniuliza mlangoni, "Dada, stelingi nani?" Namwambia atazame. Wengi huondoka.

Lakini nilikuwa sijamaliza habari ya Jumamosi. Kikao kilipoisha baba mdogo aliaga kwa heshima zote, akavaa miwani yake, akaelekea langoni. Jumapili lango hushinda wazi kwa ajili ya wateja, lakini siku hiyo lilikuwa limefungwa. Mie nilikuwa uani nakusanya vikombe. Akasukuma. Akavuta. Akasukuma kwa bega. Lango lile baba alilifunga mchana mmoja mie nikiwa mdogo, na aliyemshikia upande wa pili mpaka bawaba zikakaa alikuwa ni yeye, baba mdogo, kijana mwembamba wakati huo, anacheka kwamba limekaa upande.

"Lina nini hili?" akauliza bila kugeuka.

"Linyanyue kidogo, baba, ndipo ulivute."

Akanyanyua pasipo penyewe. Nilimwacha ajaribu tena, kisha nikaweka vikombe chini, nikaenda, nikaweka mkono pale panapotakiwa. Lango likafunguka.

"Asante mwanangu."

"Karibu tena baba. Shangazi yuko nyuma yako, msubiri."

Waliondoka wote. Nikarudi kuchukua fagio, nikaanza pale langoni aliposimama.